Chora inavyonepa kabla ya kushika kikokotoo

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa nne, hapa Mbeya. Somo la uchambuzi wa miundo wa ngazi ya juu limenipa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Ninaandika matriksi (majedwali ya namba) kurasa sita, alama moja ya kutoa ikinitoka kila kitu kinaharibika, na hata nikipata jibu sijui kama ni sahihi mpaka nione la mwalimu. Ofisi niliyofanyia mafunzo kwa vitendo hakuna anayekokotoa kwa mkono, wote wanatumia programu. Je, haya ya mkono bado yana kazi? Na kama yanayo, niyasomeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa sapu. Katika barua yako yote iliyonishtua ni sentensi moja: hata ukipata jibu, hujui kama ni sahihi mpaka uone la mwalimu. Sapu inapita. Wengi wetu tulioko kazini tulizipata, ila hatuzitaji. Lakini hiyo ya kutojua, ukienda nayo ofisini, ni hatari, kwa sababu huko hakuna jibu la mwalimu. Programu itakupa namba zenye tarakimu sita baada ya nukta, itakupakia picha rangi nyekundu na bluu, na itafanya hivyo kwa ujasiri uleule uwe umeingiza kila kitu sawasawa au umesahau egemeo moja. Wale uliowaona wanabonyeza vitufe, walio wazuri kati yao wana kitu kichwani ambacho hukukiona kwa kuwa hakitokei kwenye skrini. Kalamu ndiyo iliyokiweka humo.

Kwa hiyo ndiyo, hesabu za mkono zina kazi. Lakini nadhani wewe unazifanyia kazi isiyo yake. Unazitumia kutafuta namba, na kwa kutafuta namba kompyuta imekushinda kabla hujafungua kalamu.

Nianzie jikoni. Mafiga ni matatu, na waliotangulia hawakuchagua idadi hiyo kwa kubahatisha. Chungu juu ya mafiga matatu hakichezi hata kama sakafu ni udongo wa mabonde. Ukijua uzito wa chungu na mahali kila figa lilipo, unajua kila moja limebeba kiasi gani; inatosha kanuni ya mizani, kwamba nguvu zijumlike sifuri na momenti, yaani nguvu mara umbali wake, zijumlike sifuri. Figa moja likititia kidogo, chungu kitainama upande huo, basi. Mgawo wa mzigo utabaki karibu uleule.

Sasa weka figa la nne. Nani amebeba nini? Mizani haiwezi tena kukwambia: una milinganyo mitatu na wasiojulikana wanne. Jibu linategemea figa lipi ni refu kwa unene wa unywele, lipi limekaa kwenye udongo laini, na kitako cha chungu kinakubali kupinda kiasi gani. Chungu kikiwa kigumu kabisa, figa lililo fupi kwa milimita moja halibebi chochote, limekaa pale kama pambo, na matatu mengine yanabeba yote. Na figa moja likititia, safari hii mzigo unahama. Wale waliokuwa wamepumzika wanajikuta wametwishwa.

Somo lako lote ni habari ya figa la nne. Jengo la zege lenye fremu, daraja la nafasi nyingi, slabu juu ya nguzo, vyote vina maegemeo na viungo vingi kuliko mizani inavyohitaji, na ili ujue nani kabeba nini lazima uulize jambo la pili: kila kipande kinapinda kiasi gani. Usawa wa nguvu upande mmoja, umbo la kunepa upande wa pili, na kati yao ugumu wa mali iliyotumika. Njia zote ulizofundishwa, za nguvu, za mihamo, za nishati, za matriksi, ni namna tofauti za kuvipatanisha vitu hivyo vitatu.

Tushike boriti moja tuimalize. Boriti ya zege, upana milimita 250, kimo 500, inapita juu ya maegemeo matatu, kila nafasi mita 6. Mzigo ni kilonyutoni 20 kwa kila mita, uzito wake wenyewe ukiwa ndani. Miisho yake imekaa tu, haijafungwa.

Weka kikokotoo pembeni. Chora inavyonepa. Kila nafasi inashuka kama kamba ya kuanikia nguo, lakini juu ya egemeo la kati boriti haivunjiki kona, inapita kwa ulaini kama mgongo wa nyoka. Pande zote mbili zikiwa sawa, pale juu ya egemeo la kati boriti imelala mlalo kabisa, haizunguki kushoto wala kulia. Katikati ya nafasi upande wa chini umevutwa. Juu ya egemeo la kati umevutwa upande wa juu. Kwa hiyo mahali fulani kati ya hapo mpindo unabadilika. Mchoro huo wa nusu dakika umeshakwambia nondo kubwa zinakaa wapi, na hujaandika namba hata moja.

Sasa weka mipaka. Kama boriti ingekatwa juu ya egemeo la kati ikawa mbili, kila moja ingekuwa na momenti ya kupinda ya kilonyutoni-mita 90 katikati yake (mzigo mara urefu mara urefu, gawa kwa 8), na juu ya egemeo momenti ingekuwa sifuri. Kama kila nafasi ingefungwa kabisa pande zote mbili, momenti kwenye miisho ingekuwa 60, yaani gawa kwa 12. Boriti yetu iko kati ya hali hizo: imefungwa katikati, imelegea nje. Kile ambacho miisho ya nje imekataa kukibeba lazima kiende mahali. Kwa hiyo juu ya egemeo la kati tegemea namba inayozidi 60. Ukipata 45, hata kama matriksi yako imeandikwa kwa mwandiko wa malaika, futa.

Kiasi gani hasa? Mwaka 1930 Hardy Cross, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha makala ya kurasa kama 10 iliyobadilisha kazi ya wahandisi wa fremu kwa miongo minne hivi iliyofuata. Wazo lake linaeleweka hata na mtoto wa sekondari. Funga kila kiungo kisizunguke. Halafu fungua kimoja kimoja; momenti iliyokuwa haijasawazika inagawanywa kwa vipande vinavyokutana hapo kulingana na ugumu wao, na nusu ya kila mgao inasafiri hadi upande wa pili wa kipande. Kwa boriti yetu: imefungwa, 60 kwenye kila mwisho wa nafasi. Mwisho wa nje hauwezi kubeba momenti, kwa hiyo ile 60 unaifungua, na nusu yake, 30, inahamia egemeo la kati. Sitini na thelathini ni tisini. Imekwisha, mstari mmoja.

Hiyo 90 inatupa mengine yote. Egemeo la nje linabeba kilonyutoni 45, la kati 150, la nje tena 45. Jumla 240, sawa na mita 12 mara 20. Mpindo unageuka mita 4.5 kutoka mwisho wa nje, na momenti kubwa ya katikati ya nafasi ni karibu 51. Angalia ile 150. Ukigawa mzigo kwa eneo, kama wengi wanavyofanya haraka haraka wanapopima nguzo, egemeo la kati lingepewa 120. Tofauti ni robo nzima. Katika fremu halisi miisho ya nje hufungwa na nguzo na tofauti hupungua, lakini haiishi, na ghorofa zikiwa sita zinajumlishana zote kwenye msingi uleule.

Sasa hiyohiyo kwa matriksi, ili uone kwamba si mnyama mwingine. Wasiojulikana ni pembe tatu za kuzunguka, moja juu ya kila egemeo. Matriksi ya ugumu ni safu tatu: 4, 2, 0, halafu 2, 8, 2, halafu 0, 2, 4, zote zikizidishwa na EI gawa kwa L (E ni ugumu wa mali, I inatokana na umbo la mkato wa boriti, L ni urefu wa nafasi). Usizikariri, zisome kama mtu anayesoma ujumbe. Nne ni juhudi ya kuzungusha mwisho wa kipande kimoja wakati mwisho wa pili umefungwa. Mbili ni kile kinachofika upande wa pili, na ndiyo ile "nusu" ya Cross, nusu ya nne. Nane ni nne na nne, kwa sababu juu ya egemeo la kati vinakutana vipande viwili na ukizungusha pale unapambana na vyote. Sifuri inasema miisho miwili ya nje haifahamiani. Habari zao zinapitia katikati. Upande wa mzigo una 60, sifuri na 60 zenye alama zinazopingana. Suluhisha: pembe ya kati ni sifuri, kama mchoro ulivyosema, na za nje zinalingana kwa ukubwa na kupishana mwelekeo. Chukua E ya zege kuwa gigapaskali 28, EI inakuwa karibu 73,000, na pembe inatoka radiani 0.0012. Ni sawa na kuinua ncha moja ya ubao wa mita moja kwa milimita moja na kidogo. Inaingia akilini. Ingekuwa 1.2, boriti ingekuwa imejikunja kama samaki kwenye kikaango, na ungejua mahali fulani milimita na mita zimeingiliana.

Kuhusu ugonjwa wako wa alama ya kutoa, hapo ndipo dawa yake ilipo. Matriksi ya ugumu ya muundo wa kawaida lazima iwe na ulinganifu: namba ya pili ya safu ya kwanza ni ileile ya kwanza ya safu ya pili. Ni matokeo ya kanuni ya kubadilishana aliyoitoa mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1864. Namba za mlalo wa kona hadi kona haziwezi kuwa hasi, maana hakuna kitu ambacho ukikisukuma kinakuvuta kwenda ulikokuwa unakisukumia. Na kabla hujaweka maegemeo, ukisogeza kiungo kimoja tu, nguvu za wima zinazotokea kwenye viungo vyote lazima zijumlike sifuri. Kagua hayo matatu kabla hujaanza kusuluhisha. Wanafunzi wengi hukagua mwishoni, wakiwa wamechoka, na kukagua kwenyewe huwa ni kurudia kosa lilelile kwa mwandiko mzuri zaidi. Chunguza pia mahali pawili ambapo alama hupotea karibu kila mara: unapogeuza kipande kilicholala upande kuingia kwenye mwelekeo wa jengo zima, na unapohamisha mzigo wa katikati ya kipande kwenda kwenye viungo, ambapo alama lazima igeuzwe na watu husahau. Chagua kanuni moja ya alama, iandike juu ya kila ukurasa, usiibadilishe hata kama madesa ya mwaka jana yanatumia nyingine.

Turudi kwenye boriti, maana bado haijasema lililo kubwa. Msingi wa kati utitie milimita 10 zaidi ya wenzake. Milimita kumi, unene wa nondo nyembamba. Ukiingiza mhamo huo, momenti juu ya egemeo la kati inashuka kutoka 90 hadi 29 hivi. Momenti ya katikati ya nafasi inapanda kutoka 51 hadi 76, yaani nusu nzima zaidi, na hakuna aliyeongeza hata ndoo ya mchanga juu ya boriti. Maegemeo sasa yanabeba 55, 130 na 55. Jumlisha: bado 240. Mizani haikugundua chochote! Figa la kati limetitia, mzigo umehama, na mwenye kukagua jumla peke yake ataondoka ameridhika. Niongeze kwa haki kwamba hesabu hii imechukua zege zima lisilo na ufa. Zege likipasuka na likishinda na mzigo miaka, ugumu wake hushuka karibu nusu au zaidi, na mabadiliko haya ya momenti hupungua kwa kiasi hicho. Lakini mwelekeo ni uleule, na ndiyo maana mzee wa udongo na mzee wa miundo wanapaswa kunywa chai meza moja.

Ukishaelewa hilo, kuna sentensi moja ninayoitumia kuliko fomula yoyote: ugumu huvuta mzigo. Watu husema mwenye nguvu mpishe. Kwenye fremu mwenye ugumu hapishwi, anatwishwa. Chukua darasa la shule lenye nguzo za mita 3. Upande mmoja fundi amejenga ukuta wa tofali hadi nusu ya nguzo, juu akaacha dirisha refu. Nguzo za upande huo zimebaki huru mita 1.5 tu. Ugumu wa nguzo dhidi ya kusukumwa ubavuni unapatikana kwa kugawa na urefu mara urefu mara urefu, kwa hiyo nusu ya urefu ni ugumu mara nane. Ardhi ikitikisika, paa linasukuma nguzo zote kwa kiasi kilekile, na zile fupi zinajikuta na nguvu ya mkato (ile inayotaka kuikata nguzo kwa upande) mara nane ya ndefu, wakati ringi zake, yaani nondo ndogo zinazozunguka nondo kuu, ni zilezile. Momenti inakuwa mara nne. Hakuna mtu aliyeandika hayo kwenye mchoro. Ukuta wa tofali ndio uliyaandika. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilitukumbusha kwamba nchi hii inapitiwa na Bonde la Ufa. Mfano wangu sikuutoa Bukoba, lakini nguzo fupi za namna hiyo zimevunjika katika matetemeko ya nchi nyingi, na ukitembea mjini kwako utaziona madarasani kabla hujafika stendi.

Haya yote nilikuwa nayaweza kwenye karatasi nilipoanza kazi. Kuyaona, bado. Katika miaka yangu ya mwanzo nilitoa mchoro wa roshani inayochomoza mita moja na nusu. Momenti niliikokotoa sawasawa. Mchoro wa momenti uliotoka kwenye mashine niliusoma kichwa chini, nikaweka nondo kuu upande wa chini. Mzee mmoja fundi nondo, mtu wa Tanga, aliuangalia mchoro muda mrefu, akaniita pembeni, hakutaka kuniaibisha mbele ya vijana. Akavua ndala yake, akaweka upande wa kisigino wa ndala hiyo juu ya tofali na kukikandamiza kwa kiganja, halafu kwa kidole akasukuma ncha iliyokuwa inaning'inia. "Injinia, tazama mpira unavyovutika. Juu. Wewe nondo umeziweka chini, zinasubiri nini huko?" Sikuwa na la kusema. Nilibadilisha mchoro nikiwa nimesimama palepale. Ndala ile ilikuwa na mistari ya chaki. Nilikuja kugundua baadaye kwamba aliitumia kila mara kufundishia vijana wake.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalokupa ni la ndala. Au nunua kipande cha sponji ya godoro, kikate kama boriti, kichore miraba kwa kalamu ya wino. Kikalishe juu ya vitabu viwili, halafu vitatu. Kibonyeze. Miraba inayorefuka ndiyo inayohitaji nondo. Inayogeuka msambamba karibu na maegemeo inakuonyesha mkato. Wiki mbili nzima, kila siku, chora fremu kumi bila namba: umbo la kunepa, mahali mpindo unapogeuka, upande uliovutwa, mwelekeo wa kila egemeo kusukuma. Kisha ndipo uhakikishe kwa programu. Utakosea sana siku tatu za kwanza, hasa fremu zinazoyumba ubavuni. Baada ya hapo jicho linafunguka, na sijaona mwanafunzi ambaye halikufunguka.

Baada ya michoro, rudi kwenye kipande kimoja. Zile 4 na 2 za ugumu wa boriti, pamoja na 6 na 12 zinazotokea ncha ikisogezwa ubavuni, zitoe mwenyewe mara moja kutoka mwanzo, kwa njia yoyote unayoiamini, halafu uzitumie bila kuogopa. Matriksi ya mkono isizidi tatu kwa tatu. Inayozidi hapo haikufundishi uhandisi, inakufundisha uvumilivu, na uvumilivu nadhani Mbeya mnao wa kutosha. Ikizidi, andika programu yako ndogo. Kwa lugha ya kompyuta ya Python, boriti na fremu za kawaida zinaingia katika mistari mia moja hivi, na mtu aliyewahi kuunganisha matriksi ya jumla kwa mikono yake hawezi tena kuziogopa programu za ofisini kama SAP2000 wala ETABS, kwa sababu anajua tumboni mwao kuna nini. Ukiambiwa na programu kwamba muundo hauna uthabiti, hutabahatisha. Utajua kuna kitu kinaweza kusogea bila kupingwa, utakwenda kukitafuta.

Njia za nishati zisikunyime usingizi. Shika kazi ya kufikirika, ile ya kuweka nguvu moja pale unapotaka kujua mnepo, na kanuni ya Castigliano utaielewa njiani. Mistari ya athari, michoro ya kuonyesha kipande kinavyoumia mzigo ukitembea, nayo ni lazima kama unataka madaraja, na kanuni ya Müller-Breslau inakupa umbo lake kwa kuchora tu: ondoa kile unachokitafuta, sukuma kidogo, boriti itakuonyesha. Ukisimama juu ya Daraja la Nyerere pale Kigamboni, au lile refu la Kigongo hadi Busisi, swali la mhandisi ni lilelile, lori likiwa wapi kipande hiki kinaumia zaidi. Mitetemo, mabamba, na miundo inayobadilika ugumu kadiri inavyopinda, viache mpaka haya ya kwanza yatulie.

Sasa kuhusu programu, maana sitaki udhani nina ugomvi nazo. Nazitumia kila wiki. Lakini nikupe visa viwili ninavyowasimulia vijana wangu wote.

Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger huko Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Sleipner A ulikuwa unazamishwa polepole majini kwa majaribio. Ukiwa umeshuka, ukuta mmoja wa ndani ukapasuka, maji yakaingia, msingi wote ukazama na kusambaratika. Uchunguzi ulionyesha kwamba uchambuzi wa kompyuta, kwa kugawanya ukuta ule katika vipande vichache vilivyopinda vibaya, ulikadiria nguvu ya mkato pungufu kwa asilimia 47. Ringi zikawekwa kulingana na namba hiyo. Uchambuzi makini uliofanywa baadaye ulisema ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye 65. Fikiria: ukuta unaosukumwa na maji katikati ya vishikizo viwili ni boriti tu. Kwenye kina hicho maji yanasukuma kwa karibu kilonyutoni 650 kila mita ya mraba. Zidisha kwa nusu ya urefu kati ya vishikizo, hiyo ndiyo nguvu ya mkato. Nyuma ya bahasha panatosha.

Cha pili ni paa la uwanja wa michezo wa ndani wa Hartford, Connecticut, Marekani. Lilikuwa fremu ya vyuma iliyosukwa pande zote, iliyochambuliwa kwa kompyuta kwa fahari kubwa. Wakati wa ujenzi, mnepo uliopimwa ulikuwa kama mara mbili ya uliokokotolewa. Wakaulizwa wahandisi, wakajibu kwamba tofauti za namna hiyo ni za kawaida. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978 theluji ikalielemea, paa lote likaanguka, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kwenda nyumbani. Vyuma vya juu vilivyogandamizwa vilikuwa vimepindika ubavuni, kwa sababu havikushikiliwa kama hesabu zilivyodhani. Muundo ulisema mapema, kwa lugha yake ya kunepa, kwamba ugumu wake ni nusu ya ule uliopewa kwenye kompyuta. Mara mbili si kosa la kupima. Mara mbili ni muundo mwingine.

Ndiyo maana nikikagua kazi ya kijana ofisini siangalii momenti kwanza. Namwomba afungue umbo la kunepa, alikuze, aliache licheze kwenye skrini. Boriti ikipita nje ya nguzo bila kushikamana nayo, inaonekana. Egemeo lililosahaulika linaonekana. Kisha namwomba jumla ya maegemeo wima, na namba yangu ya mkono ninayo tayari: eneo la jengo, mara uzito wa ghorofa moja, mara idadi ya ghorofa. Zikitofautiana zaidi ya kumi kwa mia tunazungumza. Halafu nachagua boriti moja na nguzo moja, nazikokotoa kwa kalamu mbele yake. Dakika ishirini. Hiyo kazi ya dakika ishirini ndiyo unayoisomea sasa hivi kwa mihula miwili.

Kwenye mtihani wenyewe: chora kwanza umbo la kunepa pembeni ya kila swali, hata kama hakuna alama zake. Andika makadirio yako, "nategemea kati ya 60 na 120". Ukitoka nje ya hapo na muda umekwisha, mwandikie msahihishaji sentensi moja kwamba jibu haliwezekani na kwa nini. Mimi ningekupa alama zaidi kwa sentensi hiyo kuliko ningempa aliyepata 45 akapiga mstari chini mara mbili.

Nakuachia kazi. Boriti ileile, ila sasa nafasi ziwe tatu, kila moja mita 6, mzigo uleule wa 20. Momenti juu ya kila egemeo la ndani utaipata 72, na maegemeo yatabeba 48, 132, 132, 48. Hayo nakupa bure ili ujipime. Kisha ondoa mzigo wote kwenye nafasi ya kati, uache nafasi mbili za nje zimejaa. Kabla ya kukokotoa lolote, chora nafasi ya kati inavyokaa. Ukiichora inanepa kwenda chini, rudi kwenye sponji. Ukishaona inavyokaa, tafuta momenti yake kwa njia uipendayo. Inatoka 36, sawa kutoka egemeo hadi egemeo, na upande uliovutwa ni wa juu kwa urefu wote. Halafu nenda kwenye jengo lolote linalojengwa karibu na chuo, omba ruhusa, vaa kofia, uangalie kama katikati ya boriti fupi iliyo kati ya mbili zilizobeba mzigo kuna nondo za juu zinazopita moja kwa moja, au zimekatwa.